Bodi Ndogo ya Kielektroniki na Maji ya Ndiva

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Same



Katika milima ya Upare, maji ya vijito huelekezwa kwenye ndiva ili yajikusanye usiku kucha. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila mwenye zamu huyapeleka shambani kwake. Utaratibu huo ni wa kale. Ndiva ya Manoo, kule Bangalala, ni mojawapo ya zinazojulikana sana. Lakini miezi ya ukame inapofika, swali moja huwagombanisha majirani: maji yaliingia kiasi gani usiku, na ni nani aliyeona? Mti wa kupimia huonyesha kina cha asubuhi tu. Hauelezi kama saa nane za usiku mfereji uligeuzwa kwenda kwingine, au kama ukuta unavuja.

Jibu laweza kutolewa na kifaa ambacho wazazi wengi hukidhania kuwa mchezo wa vijana. Ni bodi ndogo yenye maikrokontrola, yaani kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, ipewayo kazi moja na kuirudia bila kuchoka. Bodi za Arduino zilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi. Michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote, hivyo watengenezaji wakawa wengi na bei ikashuka. Nyingine, Raspberry Pi Pico, ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa kwa dola 4 za Marekani. Arduino Uno ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu, nafasi isiyotosha hata picha moja ya kawaida ya simu; kwa kupima maji, inatosha na kubaki.

Kihisi cha sauti hufungwa juu ya ndiva kikielekea chini. Hutoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, na bodi huhesabu muda hadi mwangwi urudi. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.01, uso wa maji uko umbali wa sentimita 171 hivi, kwa kuwa mlio ulikwenda na kurudi.

Hapo ndipo milima inapodai uangalifu. Hewa inapopoa, mwendo wa sauti hupungua kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde katika kila nyuzi moja. Joto likishuka kutoka nyuzi 25 za alasiri hadi 10 za alfajiri, umbali wa mita mbili huonekana kuwa mrefu zaidi kwa sentimita tano hivi. Bodi itasema maji yamepungua, ilhali hayakupungua, na lawama itamwangukia asiye na hatia. Kwa hiyo kihisi cha joto, ambacho nacho ni cha bei ndogo, si pambo. Programu haina budi kusahihisha hesabu kwa kukisoma. Tena kuta za ndiva nyingi zimelala, hivyo nusu ya kina si nusu ya maji.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanyika jirani. Nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wametumia vihisi vya sauti vya gharama nafuu kupima kimo cha maji katika mito ya bonde la juu la Ewaso Ng'iro.

Kijana anayeanza na awashe kwanza kitaa kimoja kwa programu fupi, kisha apime maji ya ndoo nyumbani kwa rula na kwa kihisi, alinganishe. Fundi redio wa mtaani atamfundisha kuchomelea kwa lehemu. Betri na paneli ndogo ya jua zatosha. Umeme wa TANESCO usiguswe kabisa katika majaribio haya.

Msimamizi wa zamu habadilishwi na bodi. Mti wa kupimia ubaki mahali pake msimu mzima, na vipimo vyote viwili viandikwe kila asubuhi katika daftari moja, mbele ya wenye zamu, nalo litunzwe na kamati ya ndiva, si na kijana aliyetengeneza kifaa.