Mapigo ya Misri na Uhuru wa Watumwa



Wapenzi wasikilizaji, leo twamfuata Musa mpaka mbele ya Farao, mfalme wa Misri.

Waisraeli walikuwa watumwa, na kazi yao ilikuwa kufyatua matofali. Ninyi mkaao katika vijiji vya kandokando ya Likasi mwaijua kazi hiyo: kuchimba udongo wa kichuguu, kuukanda, kupanga tanuru. Lakini ninyi mwajenga nyumba zenu wenyewe. Wao walijenga ghala za bwana wao, huku wakipigwa fimbo. Farao akawanyima hata majani makavu ya kuchanganya na udongo, wala hesabu ya matofali haikupunguzwa.

Nchi yetu nayo iliujua utumwa. Bunkeya, mji wa Msiri aliyeuawa mwaka 1891, palikuwa soko la shaba, la pembe za ndovu, na la watu. Misafara iliwapeleka watumwa mpaka Benguela, pwani ya Angola. Basi tusikiapo kilio cha Waisraeli, twasikia kilio cha babu zetu.

Mungu akakisikia. Akaleta mapigo kumi: maji yakawa damu, wakaja vyura, chawa na mainzi, mifugo ikafa, watu wakatoka majipu, ikanyesha mvua ya mawe, wakaja nzige, likashuka giza la siku tatu, mwisho wakafa wazaliwa wa kwanza.

Maana yake nini? Wamisri waliuabudu mto wao na jua lao, tena walimwona Farao kuwa mungu. Mto ukageuka damu, jua likafichwa, na Farao hakuweza kumwokoa mwanawe mwenyewe. Waganga wake waliiga mapigo mawili ya kwanza. La tatu likawashinda, wakakiri ya kuwa hicho ni kidole cha Mungu. Mara kadhaa Farao alipobanwa aliahidi kuwaachilia watu. Alipopata nafuu, aliivunja ahadi. Ubishi wa mtu mmoja ukawaliza mama wa nchi nzima, hata kijakazi aliyesaga unga.

Wayahudi wenyewe hawayashangilii mapigo hayo. Huko Lubumbashi jamaa zao waliotoka kisiwa cha Rhodes walijenga sinagoga, na kutoka mwaka 1937 kiongozi wao alikuwa Rabi Moïse Levy. Katika usiku wa Pasaka yao, Wayahudi wengi duniani hupunguza mvinyo kikombeni, tone moja kwa kila pigo. Kwa nini? Kwa sababu kikombe cha furaha hakifai kujaa, maana uhuru wao ulipatikana watu wengine wakilia.

Sasa tuseme neno gumu. Kati ya miaka ya 1930 na 1944 nzige wekundu walienea katika nchi nyingi za Afrika. Kundi lao lilianzia katika mabwawa ya Mweru wa Ntipa, upande wa mashariki wa ziwa Mweru. Hata leo, mazao yakiharibika au mtoto akifa, wako wanaosema: «Mungu amewapiga nyumba ile.» Wengine hukimbilia kwa mpiga ramli, wamtafute mchawi, mara mjane mzee hufukuzwa kijijini bila kosa. Ndugu, hilo si fundisho la mapigo ya Misri. Mungu hakumpiga mnyonge. Alikifumbua kiganja cha mwenye nguvu kilichomshika mnyonge. Nao wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, alijibu ya kuwa si yeye wala wazazi wake.

Basi, patokeapo msiba, tusiulize: «Nani amelaaniwa?» Tupeleke maji, chakula na dawa. Kisha tujiulize: «Je, mimi nimemshika nani? Kibarua niliyemnyima mshahara? Yatima ninayemtumikisha nyumbani mwangu?» Anayemfukuza mjane mzee amemfuata Farao, hata akivaa rozari shingoni.

MASWALI

Kwa nini Mungu aliwapiga Wamisri? – Ili Farao awaachilie watumwa, na wote wajue ya kuwa Mungu ni mmoja.

Je, kila ugonjwa ni adhabu ya dhambi? – Hapana. Yesu alikana neno hilo.

Mkristo afanye nini jirani akipatwa na msiba? – Amsaidie, wala asimsingizie mtu uchawi.