Hotuba: Chai Iliyopozwa na Matunda kwa Siku za Joto



Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo dogo la nyumbani, nalo ni chai iliyopozwa na kutiwa maji ya matunda. Pengine mtu atacheka na kusema, "Chai ni ya moto, ikipoa ni ya kumwaga." Twamwomba avumilie hata mwisho, maana ndani ya jambo hili dogo mna jambo kubwa, yaani uzima wa watoto wetu.

Mwaijua hali ya nchi yetu. Tangu Septemba hata mvua zianzapo, jua huwa kali. Watu wa Mbozi na Ileje hupata upepo wa milimani, lakini bonde la Momba kuelekea Ziwa Rukwa huwa na joto jingi, na mjini Tunduma vumbi la malori yaendayo Zambia hukausha koo. Wakati huo huo visima hupungua maji, na mtu mwenye kiu hachagui: hunywa alipoyaona. Ndipo maradhi ya tumbo yapatapo njia. Tena mpaka si ukuta. Kuanzia Oktoba 2023 kipindupindu kilienea sana katika nchi ya Zambia, kikaua watu zaidi ya 700 hata kilipotulizwa mwaka 2024. Na kutoka Nakonde hata Tunduma ni mwendo wa miguu tu.

Kila mwalimu hufundisha kwamba maji yachemshwe. Lakini twajua udhuru wa watu: husema maji yaliyochemshwa hayana ladha, yananuka moshi, na baba zetu waliishi pasipo kuyachemsha. Ni kweli baba zetu waliishi. Lakini wale watoto waliozikwa kwa kuhara hawapo leo wapate kutoa ushahidi wao. Na juu ya ladha, dawa yake ndiyo hii chai. Mtu hawezi kupika chai pasipo kuchemsha maji, na akiisha kuipoza na kuitia matunda, mtoto atakimbilia kikombe chake mwenyewe pasipo kulazimishwa.

Chai si ngeni kwetu. Wajerumani waliipanda Kyimbila katika nchi ya Rungwe mwaka 1904, na mpaka leo mashamba yake ni ya kijani karibu na Tukuyu. Mwaka huo huo wa 1904 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Husimuliwa kwamba Richard Blechynden, aliyekuwa akiitangaza chai huko, aliona watu wakimpita kwa sababu ya joto, basi akaitia barafu, nao wakaja kwa wingi. Yeye siye wa kwanza, kwa kuwa maelezo ya chai ya baridi yalikwisha pigwa chapa katika kitabu cha mapishi huko Marekani mwaka 1879. Ila maonyesho yale yaliieneza sifa yake.

Sasa sikilizeni namna ya kuifanya. Chukua maji lita 2, uyachemshe hata yatokote kwa nguvu, nayo yaendelee kutokota dakika 3. Epua, tia majani ya chai vijiko vidogo 4, ufunike kwa dakika 5. Usizidishe, maana majani yakikaa sana chai huwa chungu na kukausha ulimi. Chuja, kisha tia sukari vijiko vikubwa 4 ingali moto, kwa kuwa ikiisha kupoa sukari haiyeyuki upesi. Iache ipoe hali imefunikwa.

Wakati ipoapo, nawa mikono kwa sabuni, uoshe matunda kwa maji safi kabla ya kuyakata, maana kisu huchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Pasheni 6 zatosha, au machungwa 3, pamoja na maji ya ndimu 1. Wakati wa maembe, ponda embe moja bivu ulichuje. Mwenye ubuyu au ukwaju autie katika maji yaliyochemshwa, achuje, kisha achanganye. Maziwa yasitiwe, maana hukatika yakikutana na tunda kali.

Asiye na barafu asihuzunike. Tia chai katika chupa safi yenye kizibo, uizungushie kitambaa kilicholowa, uiweke kivulini penye upepo, ukilowesha kitambaa kila kikaukapo. Maji yakikauka huchukua joto pamoja nayo, kama vile mtungi wa udongo utoavyo jasho na kuyapoza maji yake.

Yako mambo manne ya kuangaliwa. La kwanza, barafu haiui vijidudu vya maradhi, huvilaza tu. Barafu ya maji yasiyochemshwa huharibu kazi yote, na wauzao vinywaji kwa madereva pale mpakani yawapasa walijue hili kuliko watu wote. La pili, kinywaji hiki kinyweke siku ile ile. Kilicholala pasipo jokofu kimwagwe. La tatu, kisiwekwe kamwe katika chupa au debe lililokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa, hata likioshwa mara kumi, maana ile ni sumu; wala kisiwekwe katika ndoo ya bati, kwa kuwa ukali wa matunda hula ile rangi nyeupe ya bati na kuumiza tumbo. La nne, chai huuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, ambayo huongeza damu. Kwa hiyo inywewe mbali na chakula, hasa na wanawake wajawazito. Watoto wadogo wapewe maji yale yale yaliyochemshwa pamoja na matunda, pasipo majani ya chai. Na aliye chini ya miezi sita asipewe kitu ila maziwa ya mama.

Machifu, neno lenu husikiwa barazani. Basi wageni wenu na wapewe kinywaji hiki, nao watakwenda kusimulia makwao. Walimu, wafundisheni wanafunzi kukifanya kwa mikono yao, maana mtoto hufundisha nyumba nzima. Kuni za kuchemshia ni taabu, twakubali. Lakini taabu ya kumchukua mgonjwa usiku hata hospitali Vwawa ni kubwa kuliko hiyo. Heri kinga kuliko tiba.