Bwawa Halisafishi Maji

(Mazungumzo na wakulima na wavuvi wa bonde la Mto Pangani)



Tumekuja kuzungumza juu ya maji, wala hatukuja kulaumu kijiji chochote. Twataka tuulizane swali moja tu: uchafu tunaoutupa mtoni huenda wapi?

Wengi wetu tumezoea kujibu kwamba mto huuchukua ukaenda nao baharini. Lakini katika miaka ya 1960 ukuta ulijengwa kusini ya Moshi, mahali inapokutana mito ya Kikuletwa na Ruvu, likapatikana bwawa la Nyumba ya Mungu. Tangu hapo maji yakifika pale hutulia. Yakitulia, tope huzama, na mengi yaliyokuja pamoja na tope hubaki humo humo.

Kikuletwa huleta maji ya Mlima Meru na ya mji wa Arusha. Maji ya Kilimanjaro nayo hushuka yakipita migombani, mijini, na katika mashamba ya kahawa, mpunga na miwa. Njiani huchukua mbolea, dawa za wadudu, na maji machafu ya vyoo na viwanda. Mbolea iliyokusudiwa kulisha mahindi hulisha magugu ya maji. Magugu yakifa huoza, na kuoza huko hula hewa iliyomo majini ambayo samaki huivuta. Tena jua kali hukausha maji kila siku, lakini chumvi haikauki, hubaki bwawani.

Tuseme kweli: si kila ubaya umeletwa na binadamu. Miamba ya Meru ina madini ya floraidi, na ndiyo maana wako wenzetu wengi wenye meno ya kahawia tangu utoto. Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita ya maji ya kunywa, na kuyachemsha maji hakuyaondoi. Basi ikiwa ardhi yenyewe imekwisha kututwika mzigo huo, yafaaje sisi tuongeze mwingine?

Mto huu mmoja huendesha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, megawati 8. Ya Hale, megawati 21. Na ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68. Kule mwisho wake, mto unapopungua nguvu, maji ya bahari hupanda ndani na kuharibu mashamba. Ndugu zetu wa Pangani mjini hawajawahi kuona mifereji yetu, lakini wanapata matokeo yake.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa, au zile ziwezazo kuyadhuru mazingira yake. Hapo mtu huuliza: mwenye shamba dogo kando ya mto akiacha mita 60, atakula nini? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kufyeka mahindi yake. Yatupasa tumsaidie kupata mahali pengine, au apande miti na majani ya ng'ombe ukingoni. Na yule mkubwa mwenye bomba la uchafu asiachiwe kulipa faini kisha akaendelea kama jana. Sheria ikimbana mwenye jembe peke yake, hakuna atakayeiheshimu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Kilimanjaro walichimba mifongo kwa mikono, wakapangiana zamu za maji, na asiyetokea siku ya kuitengeneza alitozwa. Hawakungoja mgeni awafundishe kwamba maji ni ya wote.

Basi tukiondoka hapa, kila jumuiya ya watumia maji iwaalike wavuvi wa bwawani, na wavuvi wawaalike wakulima wa mlimani, waonyeshane walipo. Bwawa halisafishi maji. Hutuwekea tu yale tuliyoyatupa. Kuyasafisha ni kazi yetu.