Nani Huwaweka, na Nani Huwaondoa?



Twawashukuru kwa kufunga maduka mapema ili mpate kutusikiliza. Tumeombwa tuzungumze juu ya magavana wa Mombasa na mihula yao, na yamkini wengi wenu mlitaraji orodha ya majina. Lakini sisi mawakili tuna mazoea ya kumwuliza kila mwenye cheo maswali mawili: nani amekuweka, na nani aweza kukuondoa?

Na tuanzie Ngomeni. Waomani waliwatoa Wareno mwaka 1698, kisha maliwali wakawa wanatoka Omani. Wa ukoo wa Mazrui walitumwa kwa jina la Imamu, halafu wakakataa kumtii. Liwali Muhammad bin Uthman aliuawa mwaka 1746, na nduguye Ali akaitwaa Ngome kwa nguvu. Muhula wa mmoja uliishia katika mauaji, wa mwenziwe ukaanzia papo hapo. Mwaka 1824 Kapteni Owen alitweka bendera ya Uingereza akamwacha Luteni Reitz kuwa gavana. Huyo alikufa kwa homa mwaka huohuo, jina lake likabaki Port Reitz. Mwaka 1837 Sayyid Said akautwaa mji, na utawala wa Mazrui ukakoma.

Mkataba wa 1895 uliuacha Mwambao kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na amri ikawa ya Mwingereza. Tangu Hayes Sadler, aliyepewa cheo cha gavana mwaka 1906, hadi MacDonald mwaka 1963, wote waliwekwa na London na kuondolewa na London. Hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura na mwenye duka wa mtaa huu.

Mwaka 1963 tulipata jimbo letu, na Ronald Ngala akawa rais wa baraza lake. Mwaka 1964 haukwisha kabla majimbo hayajafutwa. Wakaja wakuu wa mikoa, nao twawakumbuka kwa redio zaidi kuliko kwa sura. Mkuu wa mkoa aliweza kuketi kula chakula cha mchana akiwa na cheo, taarifa ya habari ya saa saba ikasomwa, akainuka mezani hana kitu. Aliyemweka ni mtu mmoja, aliyemwondoa ni yuleyule, na sisi tulikuwa wasikilizaji tu. Kufutwa kwa Kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 kuliturudishia vyama vingi, lakini mkuu wa mkoa aliendelea kuteuliwa vilevile.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyoyajibu maswali yetu mawili. Kifungu cha 180 chasema gavana achaguliwe na wananchi, wala asishike ugavana wa kaunti kwa zaidi ya mihula 2. Hassan Joho alichaguliwa mwaka 2013, akarudishwa 2017, akatoka 2022. Katika wote tuliowataja, ndiye wa kwanza aliyetoka kwa sababu miaka aliyopewa na sheria imekwisha. Abdulswamad Nassir alichaguliwa tarehe 29 Agosti 2022, baada ya uchaguzi kuahirishwa kwa kosa la karatasi za kura. Mwaka huohuo Mike Sonko, aliyekuwa ameondolewa katika ugavana wa Nairobi mwaka 2020, alitaka kugombea hapa kwetu. Mahakama ya Juu ikamzuia.

Hata hivyo msilale. Mwaka 2024 uliletwa mswada katika Seneti wa kurefusha muhula kutoka miaka 5 hadi 7, wa Rais na wa magavana pamoja. Ninyi mna mikataba ya kodi ya maduka haya. Je, mpangaji wa miaka 5 aweza kuuchukua mkataba, akaandika 7 kwa kalamu yake, kisha akampelekea mwenye nyumba nakala? Mswada ule ulifanya hivyo hasa, na kwa bahati njema wananchi waliupinga kwa wingi, haukupita.

Ukiletwa mwingine, maoni hupokewa kwa maandishi, na muda wa kuyapeleka huwa mfupi. Asiyejua namna ya kuandika na aje afisini kwetu na kitambulisho chake. Tutamwandikia, na hatutamtoza hata senti.