Dawa Ndani ya Behewa Dogo

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, mfamasia, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi nieleze kazi yangu. Nitazungumza juu ya vichembe vya mafuta vinavyobeba dawa, vidogo hata hakuna kati yetu atakayeviona kwa macho. Lakini nitaanza na mtu ambaye wengi wetu tulimwona.

Wenzangu wa bweni wanamkumbuka golikipa wetu, ambaye baadaye aliendesha malori yaliyopita Mikumi kwenda Zambia. Mwaka 2009 aliumwa kichwa wiki mbili. Alinunua vidonge vya maumivu Mikumi, akanunua vingine Kilosa alipokwenda kwa mama yake. Alipofikishwa hospitali shingo ilikuwa imekakamaa, wala hakutambua mtu. Utando wa ubongo ulikuwa umevimba kwa sababu ya kuvu iitwayo kriptokokasi. Kuvu hiyo huwashambulia hasa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, na mwenzetu hakuwa amepima hata mara moja.

Dawa ilikuwapo. Ni amfoterisini, iliyopatikana tangu miaka ya 1950. Inaua kuvu, lakini hudhuru figo vilevile. Alitiwa mshipani kila siku. Siku ya tano figo zilishindwa, ikabidi dawa isimamishwe. Tulimzika Kilosa.

Sasa vijana, sikilizeni vizuri. Mwili ukivamiwa, mahali pale hupata joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja ili askari wa mwili wapite. Dawa ya kawaida ikiingia katika damu huenea kila mahali, penye ugonjwa na pasipo na ugonjwa. Wazee hapa wanaijua reli ya kutoka Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu. Mzigo wa Kidatu ukipakiwa Kilosa katika behewa bovu, utamwagika njia nzima. Kinachotakiwa ni behewa lililofungwa, ambalo hufunguliwa kituoni.

Behewa hilo lilipatikana miaka ya 1960, wakati Mwingereza Alec Bangham alipoona kwamba mafuta ya namna fulani yakitiwa majini hujikunja yenyewe kuwa vifuko. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Vile vinavyobeba amfoterisini havifiki nanomita 100 kwa upana. Pigeni hesabu: vichembe 10,000 vya nanomita 100 vikipangwa mstari mmoja, vitatimia milimita moja tu. Kifuko huishikilia dawa hadi kikutane na ukuta wa kuvu, ndipo huiachia. Kwa hiyo figo hupata nafuu kubwa, na mgonjwa aweza kupewa kipimo kikubwa kwa mara moja.

Jaribio kubwa la njia hii halikufanyika Ulaya, si ile ya ng'ambo wala hii yetu iliyo njiani kati ya Mikumi na Kilosa. Lilifanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, kwa wagonjwa 814. Nusu walipewa dawa ya vifuko mara moja tu, pamoja na vidonge vya siku 14. Nusu nyingine walipewa ile ya zamani kwa siku saba, pamoja na vidonge. Baada ya wiki 10, katika kundi la vifuko walikuwa wamekufa asilimia 24.8, na katika kundi la pili asilimia 28.7, tena madhara makubwa yalikuwa machache kwa waliopewa vifuko. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo.

Wataalamu wanajaribu vichembe vya namna hii kwa magonjwa mengine ya uvimbe, kama baridi yabisi, maana mishipa inayovuja huvipitisha hadi kwenye kiungo kinachouma. Hayo bado ni majaribio. Msimwahidi bibi yeyote mwenye magoti mabovu.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwadanganye kwa sifa za behewa. Kwanza, lina bei. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza dola 16.25 kwa kichupa cha miligramu 50 kwa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Mgonjwa wa kilo 50 huhitaji vichupa 10. Tena kutangaza bei si kufikisha dawa wilayani. Pili, hata kwa dawa hiyo bora, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alifariki. Wengi huchelewa.

Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kuvu hiyo kabla kichwa hakijaanza kuuma, kwa mtu anayejua kwamba ana virusi na kinga yake imeshuka. Golikipa wetu hakukosa sayansi peke yake. Alikosa mtu wa kumwambia, "Ndugu yangu, twende tukapime." Mimi nilikuwa mfamasia tayari, na nilikutana naye Mikumi miezi mitatu kabla. Tuliongea habari za mpira.

Vijana, someni kemia, tunawahitaji. Na wenzangu, mkikutana baada ya mkutano huu, ulizaneni habari za afya pia.