Gari Halijauzwa Mpaka Jina Litoke

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuuza gari kwa mtu binafsi bila kulaghaiwa. Kwa wengi wetu gari ni akiba ya miaka mingi. Mtu huliuza apate ada ya mtoto au fedha za matibabu. Akitapeliwa, inayoumia ni nyumba nzima.

La kwanza ni malipo. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 tumepunguza kubeba mabunda ya noti, lakini ujumbe wa kwamba fedha zimeingia huweza kuandikwa na mtu yeyote. Usiridhike na ujumbe; tazama salio lako mwenyewe. Hali kadhalika hundi: kuipeleka benki si kulipwa, kwani benki ya mnunuzi lazima kwanza iikubali. Anayeleta hundi Ijumaa jioni akataka gari Jumamosi asubuhi, mwambie asubiri.

La pili ni dalali. Madalali waaminifu wapo, lakini yuko anayekuambia, "Mnunuzi akija usimtajie bei, mwambie mimi ni ndugu yako." Mnunuzi naye ameambiwa asiulize bei. Basi fedha humwendea dalali, naye hutoweka, nanyi wawili mkabaki kugombania gari moja. Dawa yake ni nyepesi: tajianeni bei ana kwa ana, na fedha ziingie katika akaunti ya yule ambaye jina lake limo katika kadi ya gari.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni jina. Wako waliolipwa fedha halali, wakakabidhi funguo na kadi, wakaenda zao. Gari lile likigonga mtu au likikamatwa na magendo, polisi hufuata namba, na namba huwapeleka kwa mwenye jina katika daftari la Mamlaka ya Mapato, TRA. Faini za barabarani nazo huandikwa kwa namba ya gari. Kwa hiyo andikeni mkataba mbele ya wakili, mtaje tarehe na saa ya kukabidhiana, uweke nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, kisha mfuatilie TRA mpaka umiliki uhamishwe. Anayekuomba uache kubadili jina "ili kuokoa gharama" anaokoa zake; mzigo anakuachia wewe.

Vijana, msiseme hamna magari. Kesho mtauza simu au baiskeli, na kanuni ni hiyo hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.