Safari ya Baiskeli ya Kuomba Msamaha

(Mazungumzo na wanakisomo, jioni baada ya darasa)



Juma lililopita mama mmoja wa darasa letu alituuliza swali. Alisema, "Mwalimu, watu husimama kanisani wakasema wameokoka. Wanalia, wanaimba. Kesho yake jirani bado anadai jembe lake. Sasa tutajuaje kama mtu amebadilika kweli?"

Watu walicheka. Lakini swali lile si la kuchekwa. Leo tutalijibu kwa habari za maisha ya mtu mmoja. Hatukuja kuhubiri. Humu darasani tumo Waislamu na Wakristo, na swali la mama linatuhusu sote.

Mtu huyo ni Festo Kivengere. Alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda. Utotoni alichunga ng'ombe. Baadaye alisoma, akawa mwalimu. Lakini alikuwa mlevi, na mambo ya dini alikuwa ameyaacha.

Miaka ile kulikuwa na uamsho wa Kikristo. Ulianza Rwanda na Uganda, ukapata nguvu katika miaka ya 1930, kisha ukaenea hata Kenya na Tanganyika. Watu walitubu mbele ya wenzao. Tena hawakuishia kwenye maneno. Aliyeiba alirudisha. Mwenye deni alilipa. Waliokosana walitafutana wakapatana. Wengine hawakuwapenda watu hao, maana ukimwona mwenzako anatubu, nawe unalazimika kujitazama.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Festo alikuwa anatoka kunywa pombe. Rafiki yake, mwalimu mwenzake, akamkuta njiani. Rafiki huyo alikuwa juu ya baiskeli. Alimwambia Festo kwamba siku ile Yesu amemsamehe dhambi zake. Kisha akamwomba Festo msamaha kwa makosa aliyomtendea, akayataja moja moja.

Festo alishangaa. Mahubiri alikuwa amekwisha yazoea. Kuombwa msamaha na rafiki yake, hilo hakulizoea. Alikwenda nyumbani, akaingia chumbani mwake, akapiga magoti akamwomba Mungu. Tangu hapo maisha yake yalishika njia nyingine.

Sasa sikilizeni vizuri. Alikuwako Mzungu mmoja ambaye Festo alimchukia sana. Wakati huo Waingereza ndio waliotawala Uganda, na chuki ya namna hiyo haikuwa kitu cha ajabu. Festo angeweza kusema, "Mungu amenisamehe, basi yatosha." Hakusema hivyo. Alipanda baiskeli akaenda maili 50, ndiyo kama kilometa 80, mpaka nyumbani kwa yule Mzungu. Akamweleza kwamba alikuwa akimchukia, na sasa amekuja kumwomba msamaha.

Ninyi wenye baiskeli mnajua maili 50 ni nini. Tena Kigezi ni nchi ya milima. Kila kilima kilimpa nafasi ya kugeuka arudi nyumbani. Hakugeuka.

Mwaka 1946 Festo na mkewe Mera walikuja Tanganyika, akafundisha shule huko Dodoma kwa miaka mingi. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Huo ulikuwa wakati wa utawala wa Idi Amin. Watu wengi waliuawa. Tarehe 16 Februari, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum naye aliuawa. Serikali ya Amin ilisema ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Festo na Mera walikimbia usiku, kwa miguu, wakavuka milima mpaka Rwanda.

Hapo ndipo alipopata mtihani mgumu kuliko ule wa baiskeli. Moyo wake ulijaa uchungu juu ya Amin. Nani angemlaumu? Siku ya Ijumaa Kuu mwaka ule alikuwa kanisani mjini London. Alikumbuka jinsi Yesu alivyowaombea msamaha watu waliomsulubisha. Akaona kwamba chuki inamla yeye mwenyewe. Akaamua kumsamehe Amin. Mwaka huo huo alitoa kitabu, na jina la kitabu hicho lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa sana.

Lakini msifikiri alinyamaza. Aliendelea kuwaeleza watu wa nchi nyingi mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda, na aliwasaidia wakimbizi. Kusamehe si kuficha kosa. Kosa alilitaja, ila chuki aliitua. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Festo alirudi Kigezi kwa watu wake. Alifariki mwaka 1988.

Basi mama yetu, hili ndilo jibu letu. Machozi ya kanisani hatuwezi kuyapima, hayo anayajua Mungu. Sisi majirani tunaweza kutazama mambo madogo tu. Je, deni limelipwa? Je, aliyekosewa amefuatwa nyumbani kwake? Je, mke na watoto wanasemaje? Kama jembe bado halijarudi, basi safari ya mtu huyo haijafika mwisho. Tusimcheke. Tumkumbushe kwa upole, tena mapema, kabla mvua hazijaanza.

Na sisi walimu tusijitoe. Tulipokuwa tukiandaa mazungumzo haya, tulikumbuka pampu ya baiskeli tuliyoazima kwa mzee mmoja wa humu humu darasani. Imekaa kwetu tangu mavuno. Mzee hakutudai hata siku moja, ila kila siku anakuja kisomo kwa miguu.

Mzee wetu, utusamehe. Pampu hii hapa.